Mkono wa Mama Ndani ya Furu

Mwaka ule nilikuwa nimechoka, na si uchovu wa kulala usiku mmoja ukaisha. Naanza na hilo kwa sababu nisipolisema, mtu atasoma haya akadhani mimi ni mtu mbaya tu. Labda ni kweli. Lakini kwanza nilikuwa nimechoka.

Asubuhi nilikuwa nafundisha darasa la tatu, watoto wamebanana wanne wanne kwenye kila dawati, kila mmoja ana mafua yake. Mchana narudi nyumbani, natundika mkoba kwenye msumari, naanza kazi ya pili, ambayo ni Mama. Mume wangu alikwisha kufariki, watoto wangu walikwisha kwenda kujenga kwao. Tulibaki wawili kwenye parsele ile, kiwanja chetu, mimi na yeye, na kuku wachache wasio na adabu.

Mama hakuwa mgonjwa. Miguu tu ndiyo ilimgomea. Magoti yalivimba, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Kwa hiyo nilimwogesha, nilimchotea maji, nilimburutia gunia la unga, niliinua sinia za mikate kuziingiza kwenye furu, tanuri letu, na kuzitoa. Nilikuwa miguu yake. Mikono na akili vilikuwa vyake bado, na hakuniacha nisahau. Nikikanda unga ananiangalia kutoka kwenye kiti chake, ananiuliza huo unga umenikosea nini hata niupige hivyo.

Kuoka alijifunza kwa masista, mjini Kongolo, akiwa msichana wa shule ya misioni. Furu yao ilikuwa ya matofali na kuni, na jikoni hapakuwa na saa wala kipimo. Masista walimfundisha kupima moto kwa mkono na sala. Unaingiza mkono ndani ya furu, unaanza Salamu Maria. Moto ukikutoa mkono kabla ya nusu, furu ni kali mno, ngoja kidogo. Ukikutoa karibu na mwisho, ingiza mkate. Ukimaliza sala nzima na mkono wako bado umo ndani umetulia, huna furu, una kabati. Mkate ukishaingia, unakaa rozari mbili, wala si moja na nusu.

Alipoolewa huku Kalemie, kando ya ziwa, alikuja na hesabu hiyo. Baba alipomletea furu ya kuran, ya umeme, kutoka Kigoma, imefungwa blanketi kama mtoto mchanga ndani ya boti, Mama aliipokea vizuri lakini alikataa kuiamini taa yake. Ni taa ndogo nyekundu, mbele, chini ya vitufe. Inawaka wakati furu inapata moto, inazimika moto ukitosha. Mama alisema taa haina ngozi, itajuaje joto. Akaendelea na mkono wake na Salamu Maria yake. Kwa miaka yote hiyo avenyi nzima, kila nyumba ya barabara yetu, ilikula mkate huo, na sikusikia mtu akilalamika.

Kwetu, mtu akifa, watu wanakaa na wafiwa, na lazima wanywe chai na mkate. Hapakuwa na kilio kwenye kartie yetu, mtaa wetu wote, kilichokosa mkate wa Mama. Ulikuwa ndio mchango wake, na kwa miguu ile, ulikuwa ndiyo njia yake ya kuwa mtu kati ya watu. Basi ilikuwa kwenye kilio ndipo tulipoaibika.

Jirani yetu mzee alifariki, nikapeleka mabeseni mawili ya mikate, halafu nikamrudia Mama nikamkokota taratibu mpaka pale. Tulikaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Nikaona mwanamke mmoja anaumega mkate, anasita kidogo, anaufunika kwenye ncha ya kitenge. Halafu mwingine. Halafu nikaona kila mtu ana kitu mkononi na hakuna anayetafuna. Juu mkate ulikuwa na rangi nzuri kabisa. Ndani ulikuwa unga mbichi, unavutika. Watu wa kwetu hawasemi chakula cha msibani, wanakificha. Mama alichukua wake, akaumega, akautazama ndani kwa muda, akautia mdomoni akautafuna polepole mpaka mwisho. Halafu akaniambia anataka kurudi nyumbani.

Tulipofika jikoni akaniambia furu haina moto. Alisema asubuhi ile aliingiza mkono, akamaliza Salamu Maria nzima, mkono umo tu. Aliniambia niingize mkate kwa sababu taa ilikuwa imezimika, na mimi nilikuwa nimesimama na sinia mkononi nikimharakisha, shule inanisubiri.

Nilimwambia ni kuran. Kuran ya kwetu kila mtu anaijua. Asubuhi na jioni nyumba zote zikiwasha, balbu zinakuwa za manjano na friji zinanguruma zinashindwa kuamka. Kwa hiyo tukahamishia kuoka alfajiri, wakati balbu ni nyeupe. Mkate ukatoka vilevile: juu mzuri, ndani mbichi, chini mweupe kama haujaona moto.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kuran pale bandarini, na mimi nilimshikia tochi miaka yote ya ndoa yetu. Mtu hawezi kushika tochi miaka yote hiyo asijifunze kitu, hata kama anapiga miayo. Nikatoa testeri yake, ile ya kupimia kuran, kwenye sanduku, nikapima ukutani. Kuran ilikuwa imetimia. Nikapima mlango: unachana karatasi ya daftari, unaibana kwenye mpira wa mlango, unavuta. Ikitoka bila kubishana, mpira umechoka na moto unatoroka. Karatasi ilibisha pande zote nne. Basi si kuran, si mpira. Hapo nikaishiwa nguvu. Nilikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha na Mama hajaoga. Nikaita fundi.

Alikuwa kijana mpole mwenye kibanda karibu na soko, anatengeneza friji, pasi, na chochote chenye waya. Akafungua mgongo wa furu, akaniita nione rezistansi ya chini, ule waya mnene unaowaka mwekundu. Ulikuwa mweusi, upande mmoja umelika. Akasema njo hiyo, ndiyo yenye kosa. Akaleta mpya, akaifunga vizuri, sikuwa na la kumlaumu. Akawasha, taa nyekundu ikawaka, na baada ya muda mfupi tu ikazimika. Akainyooshea kidole: moto umetosha, kazi imeisha. Tukanywa chai wote watatu.

Kesho yake mkate ulikuwa mbichi.

Alirudi bila kinyongo. Akawasha tena, taa ikawaka, ikazimika. Mama akamweleza habari ya mkono na Salamu Maria, na kijana akatikisa kichwa kwa heshima, ile heshima tunayowapa watu ambao hatuwasikilizi tena. Nilipomsindikiza mpaka mlangoni, akashusha sauti.

"Mwalimu, furu ni nzima. Muangalie muzee. Labda anatoa mukate mbele ya wakati."

Sentensi hiyo iliingia ndani yangu ikakaa. Mtu aliyechoka anapokea maelezo yoyote yanayomfungia jambo. Tangu siku hiyo nikaanza kumtazama Mama kwa jicho la kutafuta. Na ukitafuta utapata. Mara mbili aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Miwani yake niliikuta kwenye debe la unga. Akisali rozari kwenye kiti, midomo ilikuwa inasimama kidogo, kisha inaendelea, na mimi nikajiambia: hapo ameruka. Kama anaruka mafungu ya rozari, basi rozari zake mbili si mbili tena, na mkate unatoka kabla ya kuiva. Kila kitu kikakaa mahali pake. Na kulikuwa na lile la harufu. Alikuwa amesema mara nyingi kwamba furu inanuka ziwa. Nilimwambia ni pua yake.

Yote hayo nikamwambia mdogo wangu kwenye simu. Huyu ni wa kiume, yuko Lubumbashi, ana nyumba nzuri na maji bombani. Si mtu mbaya, lakini wema wake ni wa simu. Kila nikimwambia magoti ya Mama, ananiambia vumilia, dada. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huyu wangu aliubeba usufi huo kwa miaka bila kutoa jasho. Safari hii lakini, nilipofika kwenye habari ya mkate na rozari na harufu ya samaki, aliniuliza imeanza lini. Kisha akasema atakuja mwenyewe kwa ndege, Jumamosi ya wiki mbili zijazo, amchukue Mama akakae kwake moja kwa moja. Kuna daktari wa kichwa huko. Ataweka msichana wa kumchunga.

Nilifurahi. Niliketi kitandani nikavua viatu, nikafikiri habari ya kulala saa nane mchana bila mtu kuniita, na machozi yakanitoka kwa furaha. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Mdogo wangu alimwambia Mama mwenyewe, simu imewekwa sauti ya juu, mezani kati yetu. Nilijiandaa kwa vita. Mama aliwahi kubishana na padri mzima juu ya chumvi kwenye mkate wa sikukuu, na padri alishindwa. Lakini hakubisha. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, halafu akauliza swali moja.

"Njo vile munaniona?"

Mdogo wangu akaanza kusema habari ya daktari. Mimi nikainuka nikaenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa na kitu cha kuangalia.

Baadaye, nilipokuwa namfunga kanga ya kulalia, aliniambia kitu kimoja. Lubumbashi haikumtisha, alisema, kule pia kuna Misa na kuna unga. Lakini alijua jinsi mtu anavyopokelewa akipelekwa sababu kichwa kimeharibika. Hata akisema mvua inanyesha, watu wanachungulia dirishani kwanza. Alisema atakuwa mtu wa kuchunguliwa mpaka afe. Nilimwambia asiseme hivyo.

Siku zilizofuata alianza kugawa vitu vyake bila kelele. Sufuria kubwa ilikwenda kwa jirani mmoja, vitenge viwili kwa mwingine. Furu aliamua kumpa mke wa mvuvi mmoja nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwanamke aliyejifunza kuoka kwake. Nilimwambia unampa mtu furu mbovu. Akanijibu, kwa sauti ndogo, kwamba si sisi wenyewe tumesema furu ni nzima?

Mke wa mvuvi angekuja kuichukua Ijumaa. Kwa hiyo Jumanne, baada ya shule, Mama amelala, nilianza kuisafisha. Huwezi kumpa mtu furu chafu, hata kama umechoka. Nilichomoa waya ukutani, nikatoa sinia zote, nikalala chali sakafuni na kuingiza kichwa karibu chote ndani, tochi mdomoni, kitambaa chenye sabuni mkononi. Furu mtu anaisafisha chini na pembeni. Juu, kwenye dari lake, nani anaangalia? Mimi mwenyewe nilikuwa sijaangalia.

Huko juu kuna kimrija chembamba cha shaba, ncha yake nene kidogo kama kipande cha penseli. Mume wangu aliwahi kunionyesha kwenye furu ya watu. Ndicho kinachoonja joto na kuiambia termosta, yule anayekata na kurudisha kuran: tosha, kata. Kinatakiwa kushikwa na vibanio viwili, kielee hewani peke yake, kionje joto la furu yote. Hiki chetu kilikuwa kimeng'oka. Vibanio vimekunjuka, na kimrija kimelala juu ya rezistansi ya juu, kinaigusa kabisa.

Sikuhitaji testeri. Rezistansi ikianza tu kuwa nyekundu, kimrija kinaungua, kinapiga kelele kwamba moto umetosha, na kuran inakatwa wakati furu yenyewe bado ni ya vuguvugu. Taa inazimika. Fundi anaamini taa. Mimi naamini taa. Mkate unachomeka juu kidogo, ndani unabaki unga. Mkono wa Mama peke yake ndio uliokuwa unasema kweli, na mkono huo tuliuitia daktari wa kichwa.

Halafu nikaona kitu kingine. Kwenye kibanio kimoja kulikuwa na kipande cha waya mwembamba kimejisokota, na kwenye waya, magamba madogo, yanameremeta.

Ndagala. Yesu wangu.

Muda mfupi kabla ya kile kilio cha jirani, Mama alikuwa amelazwa siku kumi kwa ajili ya magoti. Siku hizo nilikuwa nimechukua beseni zima la ndagala wabichi, wale dagaa wa ziwa letu, niwakaushe, niweke akiba. Mvua ikaanza, na haikukatika siku tatu. Mtu asiyekaa kando ya ziwa hawezi kujua uchungu wa ndagala wanaooza ndani ya nyumba yako wakati jua limekataa kutoka. Pwani wanawake walikuwa wanamwaga ndagala wao kwa majembe. Mimi nikajiona mjanja. Nilikata waya wa wavu wa dirisha, nikawatandaza ndagala juu yake, nikawasha furu kidogo mlango wazi, na nikatafuta pa kuutundikia wavu. Nikapapasa dari, nikakuta vibanio viwili vizuri. Nilidhani vimewekwa kwa kazi hiyo. Ndagala walikauka vizuri sana. Kisha nilisugua furu kwa majivu na ndimu mpaka vidole vikachubuka, kwa sababu kwa Mama, kuingiza samaki kwenye furu ya mkate ni kama kulaza mbuzi altareni. Sikumwambia. Aliporudi akasema furu inanuka ziwa.

Na mimi nikasema ni pua yake, nikaihesabu pua hiyo kati ya dalili, nikaituma Lubumbashi.

Nilikaa sakafuni. Dawa ilikuwa koleo na dakika mbili. Koleo lilikuwa kwenye sanduku la marehemu, hatua sita kutoka pale.

Nilifunga mlango wa furu, nikazima tochi, nikaenda kusahihisha madaftari.

Sitatafuta maneno mazuri ya kupamba hilo. Jumamosi ilikuwa karibu. Furu ikipona, Mama ana akili. Mama akiwa na akili, mdogo wangu hana sababu ya kumchukua, atarudi kwenye simu yake na vumilia yake, na mimi nabaki miguu ya mtu mpaka Mungu atakapoamua, sijui lini, sijui kati yetu nani ataanza. Nilijiambia Lubumbashi kuna madaktari wa magoti pia. Nilijiambia atazoea. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nafundisha methali hiyo kila mwaka, naiandika ubaoni kwa chaki. Jumatano nikaenda shule, nikarudi, nikamwogesha, sikusema. Alinishukuru kwa kumsugua mgongo.

Alhamisi mvua ilipiga mabati ya shule mpaka watoto hawanisikii, mkurugenzi akaturudisha nyumbani mapema. Niliingia kwa mlango wa nyuma, nimelowa. Mama alikuwa jikoni, kwenye kigoda, mbele ya ile furu baridi. Mkono wa kulia alishika rozari, wa kushoto kipande cha mkaa. Ukuta mbele yake, ule nilioupaka chokaa mwenyewe, ulikuwa umejaa mistari myeusi. Mitano, halafu nafasi, halafu mitano, halafu nafasi. Alikuwa hapiki chochote. Alikuwa anajipima. Kila fungu la rozari likiisha anachora mstari, rozari ikiisha anahesabu mistari kama imefika mitano. Sijui alianza siku gani. Ukuta ule ulikuwa na kazi ya siku nyingi, na mimi nilikuwa napita hapo kila siku na beseni la maji.

Aliponiona hakuficha. Aliniambia nikae, yeye asali kwa sauti na mimi nihesabu, na nisimsaidie hata akikosea. Nikakaa chini na nguo zangu mbichi. Akasali rozari nzima. Nilihesabu kwa vidole kama watoto wangu wa darasa la tatu, kila Salamu Maria kidole, kila fungu naweka kipande cha mhogo mkavu sakafuni. Mara mbili midomo ilisimama, na nikaona sababu: alikuwa anameza mate. Kisha akaendelea pale pale alipoachia. Kumi, kumi, kumi, kumi, kumi. Hakuruka hata moja.

"Ngapi?" akaniuliza.

"Tano, Mama. Sawasawa."

Akatazama rozari mkononi, akaitazama furu.

"Sasa mukate unaniponyoka wapi?"

Hapo ndipo nilipoinuka. Nilikwenda kwenye sanduku nikaleta koleo na tochi na kipande cha waya safi. Nilihakikisha furu haina kuran, maana marehemu angenifufukia kwa hasira, nikalala chali. Nilibana vibanio mpaka vikarudia umbo lake, nikarudisha kimrija mahali pake, kielee, kisiguse kitu, na nikakifunga kwa waya juu ili kisianguke tena. Dakika mbili, kama nilivyosema.

Nikawasha. Taa nyekundu ikawaka, na haikuzimika. Tulikaa tunaitazama, mimi na yeye, kama watu wanaongoja mgonjwa afumbue macho. Mvua ikapungua. Nikaweka kijiko cha unga kwenye kifuniko cha kopo ndani ya furu. Taa bado inawaka. Harufu ya ndagala ikaanza kutoka, kidogo, halafu wazi kabisa, na Mama akanigeukia. Sikumwambia ni pua yake. Taa ilipozimika mwishowe, unga ulikuwa umekuwa wa kahawia sawasawa, mbele na nyuma.

Nilimwinua kwa kwapa, nikafungua mlango. Akaingiza mkono, akaanza Salamu Maria, na kabla ya kufika nusu akauchomoa. Akaugeuza, akaangalia kiganja, akakipuliza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimemshika vilevile ili asianguke: ndagala, wavu, vibanio, majivu na ndimu. Nikamwambia niliijua tangu Jumanne, na kwamba nilinyamaza kwa sababu nilitaka Jumamosi ifike. Nilisema haraka haraka, macho chini, kama mtoto aliyevunja kitu.

Mama ana mdomo unaoweza kumenya ndizi mbichi. Niliungoja. Niliutaka, hata. Lakini aliniambia nimketishe, nikamketisha, na alikaa anaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto.

"Kumbe sina wazimu," akasema. Hakuniambia mimi. Kisha akalia, na sikuwahi kumwona akilia hata siku tuliyomzika Baba. Alijifuta kwa ncha ya kitenge, akapenga, akanitazama usoni.

"Ungeniambia tu umechoka," akasema. "Ningeenda. Lakini ningeenda na akili zangu."

Halafu akaniagiza unga. Ilikuwa lazima furu ichomwe tupu kwanza mara mbili, alisema, itoke ziwa. Mke wa mvuvi alipokuja Ijumaa, alirudi kwake na mkate badala ya furu.

Jumamosi mdogo wangu alifika na mkoba mdogo na sauti ya hospitalini. Mkate ulikuwa mezani. Aliumega, akachungulia ndani, akatia kipande mdomoni, akachukua kipande kingine. Nilimweleza yote mbele ya Mama, na sikuruka fungu. Alinisikiliza akitazama sakafu. Akasema basi, kama ni hivyo, Mama haendi, atabadilisha tiketi.

Mama akamwambia anakwenda. Miezi miwili, si zaidi. Si kwa daktari wa kichwa, na mtu yeyote huko Lubumbashi akimchungulia atamwona. Anakwenda ili mimi nilale. Na akirudi, mdogo wangu atakuwa ametafuta mtu wa kunisaidia kwenye parsele hii, na hilo hakuliuliza, alilisema. Mdogo wangu akaitikia ndiyo, Mama.

Uwanjani walitaka kumpandisha ndegeni kwa kiti, watu wawili wambebe. Alikataa. Alishika chuma cha ngazi, akaweka mguu mmoja, akaleta wa pili kando yake, akapumzika, akaanza ya juu yake. Watu wote nyuma yake walisimama kwenye jua wanangoja. Mdogo wangu alikuwa chini yake, mikono amenyoosha, hajui amshike wapi. Mimi nilikuwa nyuma ya uzio. Mwili wangu wote ulitaka kukimbia kumshika kwapa, miguu ilikwisha kuanza. Mlangoni juu aligeuka akanitafuta. Hakupunga mkono. Aliweka viganja viwili pamoja, akaviegesha shavuni, vile tunavyomwonyesha mtoto kwamba ni saa ya kulala.

Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikafunga mlango, nikalala.